Theluji Huteleza kwa Joto

Ukivuka daraja la Nyali na kushika barabara ya kaskazini, ukaziacha Kisauni, Bamburi na Mtwapa nyuma, baada ya kilomita kama 60 unaingia Kilifi. Huko ndiko alikozaliwa Sabrina Simader mwaka 1998. Alihamia Austria akiwa mtoto mdogo, na mwaka 2018 kule Pyeongchang, Korea Kusini, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki za Majira ya Baridi. Kwenye mbio za Super-G, ambamo washindani huteremka mlima juu ya skii, mbao ndefu za kutelezea thelujini, kwa kasi inayopita kilomita 90 kwa saa, alimaliza wa 38.

Wengi walistaajabu jinsi mzaliwa wa Pwani alivyoizoea baridi. Mimi hunistaajabisha zaidi kilichokuwa chini ya miguu yake, kwa sababu mtu huteleza kwenye theluji kwa msaada wa joto.

Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kwamba uzito wa mtu huikandamiza theluji hadi ikayeyuka. Haya, tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 amesimama juu ya skii mbili, kila moja ina urefu wa mita 1.7 na upana wa sentimita 7. Uzito umetandazwa mno: hauwezi kushusha kiwango cha kuyeyuka hata kwa sehemu moja ya elfu ya digrii. Theluji iliyo nyuzi 10 chini ya sifuri haitajua kama pana mtu juu yake.

Mwanzo wa jibu unaweza kuujaribu jikoni kwako Changamwe. Toa vipande viwili vya barafu kwenye friza, ngoja vianze kulowa, kisha vigusanishe. Vitagandana. Mwanasayansi Michael Faraday alilieleza jambo hili London mwaka 1850: uso wa barafu, alisema, umefunikwa na utando mwembamba wa majimaji, na utando huo ukibanwa katikati huganda. Leo twajua kwamba molekuli za juu kabisa hazikushikwa pande zote, basi hulegea hata barafu ikiwa chini ya sifuri.

Kinachobaki hufanywa na msuguano. Mwaka 1939 watafiti Bowden na Hughes walionyesha kuwa skii inaposuguana na theluji huzalisha joto la kuyeyusha maji kidogo, na kwamba chuma huteleza vibaya kwa kuwa hulipeleka joto hilo kwingine. Ndiyo maana skii za leo zina plastiki chini.

Joto lenyewe lina kiasi chake. Mwaka 2018 watafiti wa Amsterdam walipima wakakuta barafu huteleza zaidi ikiwa nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Ikipata joto kuliko hapo hulainika na kuchimbika. Ikizidi baridi, molekuli hung'ang'ania mahali pake, na kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri theluji hukwamisha skii kama mchanga mkavu wa Shelly Beach, Likoni.

Katika mbio ndefu za mtindo wa kale kuna mtihani mwingine: nta ya katikati ya skii lazima inate mguu unaposukuma na iachie unapoteleza, na huchaguliwa kulingana na hali ya theluji ya siku ile. Elimu hiyo ndiyo Philip Boit, mkimbiaji wa Eldoret, alianza kuisomea Finland mwaka 1996. Miaka miwili baadaye, Nagano, alimaliza kilomita 10 akiwa wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway. Bingwa huyo alimngoja mwishoni akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Waliomcheka wangejaribu kwanza kupanda kilima na zile mbao miguuni.

Walio na ndugu Dubai wana theluji ya karibu zaidi, ndani ya jengo la maduka. Ski Dubai ilifunguliwa mwaka 2005. Mchana, wageni wakiwepo, baridi huwekwa chini kidogo tu ya sifuri, na kwa kipimo cha Amsterdam hilo ni joto mno. Usiku hushushwa zaidi ili theluji mpya itengenezwe, na hapo ndipo huteleza vizuri, hakuna mteja hata mmoja.