Kesi ya Wanahisa: Hundi Ndogo, Tena ya Kuchelewa

Agosti 2000 hisa moja ya Enron, kampuni ya nishati ya Houston, ilikuwa ikiuzwa takriban dola 90. Kampuni ilipofilisika Desemba 2001, hisa hiyo haikufikia hata dola moja. Wanahisa walifungua kesi ya pamoja na wakapata zaidi ya dola bilioni 7, fidia kubwa kuliko zote za aina hiyo Marekani. Mgao ulipoidhinishwa mwaka 2008, kila hisa ya kawaida ilipata wastani wa dola 6.79.

Na hao walikuwa na bahati. Waliolipa sehemu kubwa ni mabenki yaliyotuhumiwa kuisaidia Enron kuficha madeni. Benki ya CIBC ya Kanada peke yake ilitoa dola bilioni 2.4. Kwa kawaida hulipa kampuni yenyewe na bima yake. Sasa, kampuni ni mali ya wanahisa, hivyo aliyebaki na hisa zake anajichangia fidia: fedha inatoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, na wakili anamega njiani. Mawakili wa kesi ya Enron walipewa dola milioni 688. Ni nyingi mno, wasema wengi. Lakini mwenye hasara ya dola 400 angempata wapi wakili wa kumtetea peke yake?

Ukiwa mwanahisa katika kesi ya aina hii, usitarajie kuombwa ushauri. Tangu sheria ya Marekani ya 1995, uongozi wa kesi kwa kawaida huenda kwa mwenye hasara kubwa zaidi, mara nyingi mfuko wa pensheni. Wewe umo bila kusaini popote, mradi ulinunua hisa ndani ya kipindi kilichotajwa. Asiyetaka hujitoa kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho.

Kuwamo, hata hivyo, si kulipwa. Ile notisi ndefu ya kisheria ambayo wengi huitupa ina fomu ya madai: tarehe ulizonunua na kuuza, idadi, bei, na taarifa za dalali kama ushahidi. Usipoirudisha hupati kitu, na haki ya kushtaki mwenyewe imekwenda. Hata ukiirudisha, mipango mingi hailipi madai yaliyo chini ya dola 10.

Soko ulikonunulia nalo lina uzito. Petrobras, kampuni ya mafuta ya Brazil, ilipokubali mwaka 2018 kulipa karibu dola bilioni 3, kesi hiyo ya New York haikuwahusu walionunua hisa zao katika soko la São Paulo.

Kwa hiyo tunza taarifa za dalali wako kwa miaka mingi, na notisi ikifika, jaza fomu mwenyewe. Ni bure.