Afya: Uso ukipinda asubuhi, paji la uso linaweza kuonyesha kama ni mushipa ao ni ubongo

Mutu analala akiwa muzima. Asubuhi anapiga muswaki, na maji yanamutoka kwenye pembe ya mudomo. Anajiangalia ndani ya kioo: upande mumoja wa uso umeshuka, jicho halifungi, na anapocheka mudomo unavutwa upande wa pili.

Iwe Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, jamaa wakiona hivyo maneno yanaanza mbele ya kufikiria hospitali. Mumoja anasema amelogwa. Mwingine anasema ni sumu, mwingine ni upepo wa usiku. Kuna wenye kumupeleka kwanza kwenye chumba cha maombi, na siku zinapita.

Lakini uso kupinda kuna sababu ambazo waganga wanazijua, na mbili ndizo zinaonekana sana. Ya kwanza ni ugonjwa wa mushipa mumoja wa fahamu unaopita karibu na sikio: unaogopesha, lakini wagonjwa wengi wanapona. Ya pili ni AVC, ni kusema damu imeshindwa kufika kwenye sehemu moja ya ubongo, ao imevujia ndani yake. Hiyo inaweza kuua ao kuacha mutu kilema, na kila dakika ina maana.

Hata pasipo mashine yoyote, mutu anaweza kuanza kutofautisha hizo mbili kwa kumuomba mugonjwa jambo moja: apandishe nyusi zake. Ili kuelewa kwa nini, inafaa kwanza kuangalia kilicho ndani ya kichwa.

Jozi 12 za mishipa

Ubongo wa mutu muzima una uzito wa karibu kilo moja na gramu 300 ao 400. Hiyo ni karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini ubongo unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Hauna akiba. Damu ikikatika kwa dakika chache, seli zake zinaanza kufa.

Una sehemu tatu kubwa. Ubongo mukubwa, uliogawanyika nusu mbili, ndio wenye mawazo, kumbukumbu, lugha na amri za kuendesha mwili. Ubongo mudogo, ulio nyuma na chini, unasaidia mutu atembee bila kuyumba. Halafu kuna shina la ubongo, nene karibu kama kidole gumba, linalounganisha ubongo na uti wa mugongo. Ndilo linaongoza kupumua na mapigo ya moyo.

Amri za mikono na miguu zinapitia uti wa mugongo. Lakini kichwa na uso vina njia yao: jozi 12 za mishipa ya fahamu inayopita ndani ya matundu ya fuvu. Waganga wanaihesabu kwa namba, kutoka mbele kwenda nyuma. Wa kwanza ni wa harufu, wa pili wa kuona. Wa tatu, wa nne na wa sita inageuza macho. Wa tano unasikia maumivu ya uso na kusaidia kutafuna. Wa saba unaendesha uso. Wa nane ni wa kusikia na kusimama bila kizunguzungu. Wa tisa na wa kumi ni ya kumeza na sauti, na wa kumi unashuka mupaka kwenye moyo, mapafu na tumbo. Wa kumi na moja unainua mabega na kugeuza shingo, na wa kumi na mbili unaendesha ulimi.

Wagonjwa wengi wa inchi yetu wamekwisha kukutana na mishipa hii bila kujua majina yake. Mutu anayetibiwa malaria kwa kinini anasikia masikio yanavuma, kwa sababu dawa hiyo inasumbua sikio la ndani, pale mushipa wa nane unapoanzia. Na muganga anayetibu kifua kikuu anauliza mugonjwa kama anaona rangi vizuri, kwa sababu etambutoli inaweza kuumiza mushipa wa pili.

Mushipa wa saba na mufereji wake mwembamba

Mushipa wa saba unatoka kwenye shina la ubongo na kuingia ndani ya mufupa wa upande wa kichwa, nyuma ya sikio. Humo unapita ndani ya mufereji mwembamba wenye urefu wa karibu santimeta 3. Kisha unatokea chini ya sikio, unapenya tezi la mate lililo mbele ya sikio, na kugawanyika matawi 5: la paji la uso, la jicho, la shavu, la kidevu na la shingo.

Shida iko ndani ya ule mufereji. Mushipa ukivimba, mufupa hautanuki. Mushipa unabanwa, na amri za ubongo hazipiti tena. Uso wa upande huo unanyamaza, mara nyingi kwa saa chache tu ao siku moja ao mbili. Wachunguzi wengi wanafikiri kwamba chanzo cha uvimbe huo mara nyingi ni virusi vya herpes, vilivyokuwa vimelala ndani ya mwili na kuamka.

Ugonjwa huo unaitwa kupooza kwa Bell, kufuatana na jina la Charles Bell, muganga wa Scotland aliyeeleza kazi ya mushipa huo huko London katika mwaka wa 1821. Mugonjwa anaweza pia kusikia maumivu nyuma ya sikio, sauti zikawa kali kupita kawaida, na chakula kikakosa utamu upande mumoja wa ulimi. Si maajabu. Mushipa huo mumoja ndio unaobeba ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi, na ndio unaoongoza musuli mudogo wa ndani ya sikio unaopunguza makelele.

Kwa nini paji la uso linasema ukweli

Nusu ya kushoto ya ubongo inaongoza upande wa kuume wa mwili, na nusu ya kuume inaongoza upande wa kushoto. Ndiyo maana AVC ya upande wa kushoto inapoozesha mukono na muguu wa kuume.

Mudomo na shavu vinafuata kanuni hiyo: kwa sehemu kubwa vinapokea amri kutoka nusu moja tu ya ubongo, ile ya upande wa pili. Lakini paji la uso lina bahati. Kila upande wake unapokea amri kutoka nusu zote mbili.

Kwa hiyo, AVC ikiharibu nusu ya kushoto ya ubongo, mudomo wa kuume unashuka, lakini paji la uso la kuume linaendelea kupata amri kutoka nusu iliyobaki nzima. Mugonjwa akiombwa apandishe nyusi, zote mbili zinapanda, na mikunjo inaonekana pande zote. Lakini kama ni mushipa wa saba uliobanwa nyuma ya sikio, hakuna amri inayopita, itoke nusu hii ao ile. Paji la uso la upande huo linabaki laini, bila mukunjo, na jicho halifungi vizuri.

Kwa maneno mafupi: mudomo umepinda lakini nyusi zote zinapanda, ogopa ubongo. Mudomo umepinda na unyusi wa upande huo haupandi, inaelekea ni mushipa.

Kisha mugonjwa aombwe kuinua mikono yote miwili mbele yake kwa sekunde 10, na kusema sentensi moja rahisi. Mukono mumoja ukishuka, ao maneno yakichanganyika, hiyo ni alama ya AVC hata kama paji la uso halieleweki.

Kuna tahadhari moja. AVC inaweza kupiga shina la ubongo pale pale mushipa wa saba unapoanzia, na hapo paji la uso nalo linaweza kupooza. Mara nyingi kunakuwa na alama zingine: kuona vitu viwili viwili, kizunguzungu kikali, kushindwa kumeza, ao udhaifu wa mukono na muguu. Kwa hiyo kipimo cha nyusi ni cha kujua mwendo wa kukimbilia. Si cha kumubakisha mugonjwa nyumbani.

Kama ni AVC

Wachunguzi wamehesabu kwamba, katika AVC kubwa ya damu iliyoziba, mutu anapoteza karibu seli milioni 1,9 za ubongo kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inasaidia kama inatolewa ndani ya saa 4 na nusu, na ni baada ya skaneri kuonyesha kwamba damu haikuvujia ndani ya ubongo. Hata pale ambapo skaneri haiko, hospitali ina kazi ya kufanya: kupima tansio, kupima sukari (sukari ikishuka sana inaweza kuiga AVC), na kulinda pumzi ya mugonjwa.

Jamaa wakumbuke saa ambayo mugonjwa alionekana muzima kwa mara ya mwisho, kwa sababu ndilo ulizo la kwanza la muganga. Wasimupe chakula, maji wala dawa ya kienyeji kwa mudomo. Mishipa ya kumeza inaweza kuwa imeguswa, na kinachoingia kinaweza kwenda kwenye mapafu. Wasimupe asipirini: kama damu imevujia ndani ya ubongo, inaweza kuzidisha hatari. Wasimumezeshe pia vidonge vya tansio kwa haraka, kwa sababu kushusha damu kwa nguvu kunaweza kuunyima ubongo damu kidogo iliyobaki. Akipoteza fahamu ao akitapika, alazwe kwa ubavu.

Mugonjwa anayeshindwa kusema hajawa mwenda wazimu. Katika mwaka wa 1861, huko Paris, muganga Paul Broca alichunguza ubongo wa mutu aliyekuwa amebaki na neno moja tu, « tan », hata kama alielewa mambo mengi. Alikuta jeraha mbele, upande wa kushoto. Kwa watu wengi, upande huo ndio wenye lugha. Jamaa waendelee kumusemesha, polepole na kwa heshima.

Kama ni mushipa wa saba

Karibu watu 7 kwa 10 wanapona kabisa hata bila dawa, kwa majuma ao miezi. Dawa inaongeza bahati hiyo. Katika uchunguzi mumoja wa Scotland uliotangazwa mwaka wa 2007, asilimia 94 ya waliopewa prednisoloni ndani ya saa 72 walikuwa wamepona baada ya miezi 9, na asilimia 82 kati ya wale ambao hawakuipata. Kwa hiyo siku tatu za kwanza zina bei. Lakini ni muganga anayepaswa kuiandika, zaidi sana kwa mwenye sukari, tansio, mimba ao kifua kikuu.

Jicho ndilo linaloumia kama halikulindwa. Lisipofunga linakauka, vumbi linaingia, na kioo chake kinaweza kupata kidonda na kupofuka. Muchana mugonjwa atumie matone yaliyoandikwa na muganga, na usiku apake marashi ya jicho na kulifunga kwa plasta laini.

Kuna hali zinazoomba uchunguzi zaidi: malengelenge ndani ya sikio, sikio linalotoa usaha, uso uliopooza pande zote mbili, ao kupooza kunakokuja polepole kwa majuma. Virusi vya ukimwi, ukoma na uvimbe wa tezi la mate vinaweza pia kugusa mushipa huu. Ndiyo sababu muganga anaweza kuomba kipimo cha damu, na hakuna haya ndani yake.

Katika vijiji vingi vya Kivu na Ituri, muganga wa ubongo hayuko na barabara ni mbaya. Ndiyo maana kipimo kisichoomba mashine wala pesa kina faida. Kingine cha bei ndogo ni kupima tansio mara kwa mara, kwa kuwa tansio isiyotibiwa ndiyo chanzo kikubwa zaidi cha AVC, na mara nyingi haiumi. Na mwenye kutaka kuombea mugonjwa wake hakatazwi. Anaweza kuomba wakiwa njiani kwenda hospitali.