Kumuasili mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya: masharti na hatua za kufuata

Familia nyingi za Kwanza, Endebess na Mlima Elgon zina jamaa upande wa pili wa mpaka. Wabukusu wana ndugu zao Wamasaba, Wasabaot wana ndugu zao Wasebei, na watu huvuka Suam na Lwakhakha kwenda sokoni, arusini na matangani. Si ajabu basi mzazi akifariki Uganda, mtoto wake akaletwa kwa shangazi au mjomba huku Kenya na kulelewa kama mtoto wa nyumba hiyo.

Malezi ya namna hiyo ni jambo la heshima. Shida huanza makaratasi yanapohitajika. Shule hudai cheti cha kuzaliwa, na familia nyingine hushawishika kumwandikisha mtoto kana kwamba alizaliwa Kenya na mama anayemlea. Kutoa habari za uongo kwa msajili ni kosa la jinai, na atakayeumia zaidi ni mtoto mwenyewe, siku atakapoomba kitambulisho au jamaa watakapogombania shamba. Njia halali ipo, nayo ni kumuasili.

Kuasili ni nini

Kuasili ni kumfanya mtoto awe wako kwa amri ya Mahakama Kuu. Baada ya amri hiyo, wazazi waliomzaa hawana tena haki wala wajibu wa kisheria juu yake, na yeye anarithi kwa waliomuasili sawa na mtoto waliyemzaa. Kwa kawaida ni uamuzi wa maisha.

Barua ya chifu, kiapo kilichoandikwa kwa wakili au makubaliano ya wazee havimfanyi mtoto awe ameasiliwa. Familia inayotaka tu kumtunza mtoto bila kukata uhusiano wake na wazazi inaweza kuomba ulezi wa kisheria. Kwa familia za Kiislamu, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatambua pia kafala.

Mtoto anaishi wapi?

Hili ndilo swali la kwanza. Sheria ya Kenya inaruhusu mtoto yeyote anayeishi Kenya kuasiliwa hapa, awe raia au asiwe, awe amezaliwa Kenya au kwingine. Kwa hivyo mtoto wa Uganda ambaye tayari analelewa Kwanza anaweza kuombewa amri katika mahakama ya Kenya.

Ikiwa mtoto bado anaishi Uganda, sheria ya huko ndiyo inayofuatwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtu asiye raia wa Uganda anatakiwa awe ameishi nchini humo angalau mwaka mmoja na amemlea mtoto huyo kwa angalau mwaka mmoja chini ya usimamizi wa ofisa wa ustawi wa jamii. Ombi lake husikizwa na Mahakama Kuu ya Uganda. Kumvusha mtoto kwa siri ili kukwepa masharti hayo kunaweza kuchukuliwa kuwa ulanguzi wa watoto.

Nani anaweza kuomba

Mwombaji anaweza kuwa mtu mmoja, au mume na mke kwa pamoja. Kwa kawaida anatakiwa awe ametimiza miaka 25, awe amemzidi mtoto kwa angalau miaka 21, na awe hajafika miaka 65. Kwa wanandoa, inatosha mmoja wao kutimiza masharti ya umri. Jamaa wa mtoto ana nafuu katika masharti hayo. Mtu asiye na mwenzi ana masharti ya ziada, hasa akitaka kumuasili mtoto wa jinsia tofauti na yake.

Hatua za kufuata

Kwanza, mwombaji aende kwa ofisa wa watoto wa kaunti ndogo. Abebe kitambulisho, cheti cha ndoa ikiwa ameoa au ameolewa, na kila karatasi ya mtoto aliyo nayo: cheti cha kuzaliwa cha Uganda, vyeti vya vifo vya wazazi na rekodi za shule au kliniki.

Pili, shirika la uasili lililosajiliwa hukagua mtoto na mwombaji. Maofisa hutembelea nyumba, huuliza kuhusu afya, mapato na tabia, na huzungumza na watu wa familia. Mtoto lazima awe na umri wa angalau wiki sita, na awe ametangazwa rasmi kuwa huru kuasiliwa. Kabla ya ombi kupelekwa mahakamani, awe amekaa mikononi mwa mwombaji ndani ya Kenya kwa miezi mitatu mfululizo.

Tatu, ridhaa hukusanywa. Mzazi aliye hai au mlezi wa kisheria anatakiwa kukubali, hata akiwa Uganda, isipokuwa mahakama ikiona sababu ya kutosha ya kuendelea bila yeye. Mtoto mwenye miaka 10 au zaidi huulizwa mwenyewe. Akikataa, mwombaji asidhani watu wazima wanaweza kukubali kwa niaba yake.

Nne, ombi hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo ina vituo Kitale na Bungoma. Mahakama humteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto wakati kesi inaendelea, na hupokea ripoti za wataalamu. Kesi husikizwa faraghani, wala majina hayatangazwi.

Tano, amri ikitolewa, jina la mtoto huingizwa katika Rejista ya Watoto Walioasiliwa na cheti kipya hutolewa.

Uraia haupatikani wenyewe

Amri ya mahakama peke yake haimfanyi mtoto kuwa Mkenya. Ibara ya 15 ya Katiba inampa mtoto aliyeasiliwa na raia wa Kenya haki ya kusajiliwa kuwa raia, lakini ombi lazima lipelekwe kwa Idara ya Uhamiaji. Wazazi wasingoje hadi afikishe miaka 18.

Jamaa walio ng'ambo

Wakenya walio Marekani, Uingereza au Ghuba huuliza pia kama wanaweza kumchukua mtoto wa ndugu yao. Mnamo Novemba 2014, Baraza la Mawaziri lilisimamisha wageni kuwaasili watoto wa Kenya kwa hofu ya ulanguzi. Mkenya anayeishi ng'ambo, hasa mwenye mwenzi mgeni, aulize Baraza la Taifa la Huduma za Watoto kabla ya hatua yoyote. Pia aulize nchi anakoishi, kwa kuwa amri ya mahakama ya Kenya haimhakikishii mtoto viza.

Mtoto hauzwi

Ada halali za mahakama, wakili na shirika hulipwa kwa risiti. Kumlipa mzazi, mkunga au dalali ili mtoto atolewe ni kosa. Anayepatikana na hatia ya ulanguzi wa binadamu anaweza kufungwa jela miaka isiyopungua 30, kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Pa kuanzia

Uasili ni jukumu la serikali ya kitaifa, kwa hivyo ofisi za kaunti haziwezi kutoa kibali. Wakazi wa Kwanza waanzie kwa ofisa wa watoto wa kaunti ndogo, na waulize hapo kama shirika wanaloelekezwa limesajiliwa. Asiyemudu wakili anaweza kuomba usaidizi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Mwenye habari za mtoto anayeuzwa au kuvushwa mpaka kwa siri apige simu 116, bila malipo, saa yoyote.