Bata bukini ni yupi hasa?

Jirani yangu wa Nkubu, kaunti ya Meru, alinunua "bata bukini" wawili sokoni, dume na jike, akalipa bei ya bukini. Alikuwa amesikia kwamba ndege hao hupiga kelele mgeni akikaribia boma, naye alikuwa amechoka kuibiwa kuku. Wiki chache baadaye mwizi akaja, akachukua kuku watatu, na mabata wale hawakutoa hata sauti. Aliporudi kwa muuzaji kulalamika, alijibiwa: "Mzee, hii si ni bata tu?"

Jibu hilo lina makosa mawili. La kwanza ni la upatanisho wa kisarufi. Bata ni kiumbe mwenye uhai, kwa hivyo tunasema "huyu ni bata", si "hii ni bata", ingawa kuanzia Embu hadi Maua ni nadra kusikia vinginevyo sokoni. Kosa la pili ndilo lililomtoa jirani pesa. Nilipowatazama ndege wale niliona nyama nyekundu zenye vinundu kuzunguka macho na mdomo, na kucha kali miguuni. Wale ni mabata wa Muskovi. Hawana uhusiano na mji wa Moscow. Asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, ambako wenyeji waliwafuga kabla ya Wazungu kufika. Bata huyu halii. Hupumua kwa sauti kama nyoka aliyekasirika. Kumweka awe mlinzi ni kama kuajiri bawabu bubu.

Basi bukini ni yupi? Tuanze na jina. Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la kisiwa cha Madagascar. Katika kamusi za zamani utakuta "bata la Bukini", yaani bata wa kutoka Madagascar. Baadaye kiunganishi kikadondoka, herufi kubwa ikawa ndogo, na leo wengine huandika neno moja, "batabukini". Lakini asili ya ndege huyu si Madagascar. Waswahili walimpa jina la ng'ambo kwa kuwa alikuwa mgeni, kama mataifa mengine yanavyofanya. Bata mzinga ametoka Amerika, lakini Waingereza humwita kwa jina la Uturuki, Waturuki nao wanamwita kwa jina la India, na Waarabu wengi humwita jogoo wa Kirumi. Kila mtu anamsukumia jirani. (Huyo mzinga, kusema kweli, si bata hata kidogo. Hana utando katikati ya vidole, na ukoo wake ni wa kwale na kuku.)

Bukini wa kufugwa ana asili mbili. Wapo waliotokana na bukini wa kijivu wa Ulaya na Asia. Mdomo wao ni wa rangi ya chungwa na paji la uso ni laini. Wapo pia waliotokana na bukini wa mashariki mwa Asia, na hawa wana nundu juu ya mdomo, pale unapoungana na paji. Aina moja yenye nundu huuzwa kwa jina la "bukini wa Afrika" ilhali chimbuko lake ni huko huko Asia. Wote wana shingo ndefu, na mdomo wao ni mfupi na mnene penye shina, si bapa kama wa bata. Miguu imekaa karibu na katikati ya mwili, ndiyo maana bukini hutembea vizuri na kula nyasi mchana kutwa, wakati bata wa kawaida huyumbayumba akitafuta tope.

Na wa porini je? Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja wa asili aliye wa jenasi ya bukini hao. Ndege unayemwona kando ya mabwawa ya Masinga na Kamburu, wa rangi ya kahawia, mwenye duara jeusijeusi kuzunguka jicho kama miwani na doa la hudhurungi kifuani, huitwa bukini wa Misri. Wamisri wa kale walimchora katika makaburi yao. Wataalamu humweka karibu zaidi na kundi jingine la mabata. Huweza kutaga katika shimo la mti au hata katika kiota kikuukuu cha fundichuma, jambo ambalo bukini wa bomani hawezi kuliota.

Mwingine ni yule mkubwa mweusi mwenye tumbo jeupe, na mdomo na uso mwekundu, anayependa mashamba ya mpunga kama yale ya Mwea. Kwenye kiwiko cha bawa ana mwiba, silaha ya kupigania. Mimi humwita bukini mwiba. Huyu asichukuliwe kuwa kitoweo tu kwa sababu jina lake lina "bata". Nchini Gambia imegunduliwa kwamba hula mbawakawa wenye sumu ya kubabua ngozi, na sumu hiyo hubaki katika nyama yake hata baada ya kupikwa.

Kuna wanaopendekeza tuwaite wote hawa "bata mwitu". Sikubaliani. Mbwa mwitu si mbwa aliyetoroka nyumbani, ni mnyama mwingine kabisa, na "bata mwitu" tayari anatumika kwa mabata wadogo wa mtoni. Tukisema "bukini wa Misri" na "bukini mwiba", kila ndege atakuwa na jina lake. Wingi ni "mabata bukini" au "bata bukini", na vyote viwili hufuata upatanisho wa A-WA: mabata bukini wale wanalisha.

Jirani yangu hakurudishiwa pesa. Jike lake la Muskovi limeatamia sasa, na nimemwambia avumilie siku 35, si 28 kama za bata wengine.