Kisu Hakikai Peke Yake

Ulemo hutamkuta mzee anayejisifu kwamba amekusanya visu. Kisu ni cha kazi, na mwenye kazi hajihesabii vyombo mbele za watu. Lakini ukipewa kigoda ukakaa naye mpaka jua lilegee, utaviona mwenyewe. Kimoja kiko kiunoni ndani ya ala. Kingine, kifupi, cha kuchunia ngozi, kimechomekwa kwenye fito za paa. Kingine kimelika kwa kunolewa hadi umebaki ukanda mwembamba wa chuma. Hakikati tena, ila hakitupwi, kwa sababu mwenyewe alikipokea kwa mjomba wake. Jirani na visu hivyo kuna tupa mbili, jiwe la kunolea, msharasi, tezo, mashoka, koleo, vipande vya ngozi kavu na mzinga wa nyuki uliochongwa nusu. Hakuna kilicholetwa pale ili kitazamwe. Kila kimoja kiliitwa na kilichokitangulia, na cha kwanza kuingia nyumbani kilikuwa kisu.

Ulemo ni kata ya wilaya ya Iramba, mkoani Singida, juu kwenye nchi ya Wanyiramba, upande wa Misigiri ambako njia ya Kiomboi huachana na barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega na Mwanza. Mbele kidogo ardhi inaporomoka kwa mteremko wa Sekenke hadi Shelui na mbuga za Wembere. Ni nchi ya mtama, uwele, alizeti, mbuzi, ng'ombe, kuku na nyuki, na kila kimoja kati ya hivyo kinadai makali ya namna yake. Kwa hiyo ninaposema mila ya visu sisemi juu ya silaha. Nasema juu ya namna mtu anavyolelewa kuwa na kazi mikononi.

Kijana huanza kisu malishoni. Anayechunga mbuzi anahitaji kitu cha kukatia fimbo, kuchonga kigingi, kukata kamba iliyomnasa ndama, kumenya muwa. Kwa asili Wanyiramba walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa katika malezi ya mpwa wake na katika urithi. Siku hizi mambo mengi yamehamia kwa baba, lakini bado kisu kinachotoka kwa mjomba kina uzito ambao kisu cha mnadani hakina. Pamoja nacho hutolewa adabu. Humpi mwenzako kisu kwa kumwelekezea ncha. Unageuza mpini umwelekee yeye, au unakiweka chini akiokote mwenyewe. Hunoi ovyo usiku. Huchezei kisu mbele ya wakubwa, wala hukiachi wazi palipo na watoto. Mtoto asiyeshika adabu hizi hunyang'anywa kisu hadharani, na hiyo ni aibu asiyoisahau.

Kisha kisu kinakuwa butu, na hapo ndipo safari inapoanza.

Kwanza ni jiwe. Nchi ya Singida ina mawe kila upande, makubwa kuliko nyumba, lakini si kila jiwe linanoa. Jiwe la chembe kubwa hukwaruza makali na kuyaacha na meno. La chembe laini mno huteleza tu. Kijana hupita mabondeni akijaribu mawe kwa kidole gumba, na akilipata lililo jema hulibeba hadi nyumbani na kulificha asije mwenzake akalichukua. Sina shaka kwamba huu ndio mwanzo wa mapenzi ya vifaa: siku mtu anapokithamini kitu kwa ajili ya kitu kingine.

Baada ya jiwe hufuata tupa. Tupa hununuliwa kwa fedha, na mwenye tupa hupata hadhi mtaani hata kama ni kijana. Majirani wanamjia na jembe, na panga, na shoka. Anajifunza bila kuhubiriwa kwamba makali hayafanani. Jembe hupigwa tupa upande mmoja ili lichimbe bila kuruka. Shoka huachwa na tumbo, kwa kuwa makali membamba yangemeguka kwenye fundo la mti. Kisu cha kuchunia ngozi hunolewa kikapinda kidogo kwenye ncha ili kisiitoboe ngozi. Cha kuchinjia kinatakiwa kiwe kirefu na kisicho na kasoro yoyote. Katika vijiji vyetu vyenye Waislamu na Wakristo, mara nyingi mnyama wa shughuli huchinjwa na Mwislamu ili wote wale pamoja, na mchinjaji mwenye dini yake hataki kisu kinolewe mbele ya mnyama. Hivyo kinakuja kimeshanolewa, kimefungwa kwenye kitambaa, na aliyekinoa anajua kwamba kikikwama lawama itamrudia.

Kisu kikishakuwa kikali hakiwezi kubebwa wazi, kwa hiyo hutafutwa ala. Ngozi ya mbuzi huwambwa chini kwa vigingi, ikakauka, ikakwanguliwa. Huloweshwa, huzungushwa kwenye kisu, hutobolewa kwa msharasi na kushonwa kwa uzi wa ngozi au wa nailoni. Wengine leo hutumia mpira wa tairi, nao unadumu, ingawa unashika maji na kuotesha kutu. Aliyeshona ala moja ikakaa vizuri hataachwa apumzike. Ataletewa kiatu kilichoachia soli, mkanda uliokatika, na kamba za nira za maksai msimu wa kulima unapokaribia. Msharasi ulinunuliwa kwa ajili ya ala tu, sasa unalisha familia viatu.

Mpini nao una njia yake. Mpini wa kiwandani hupasuka au huachia misumari, na mwenye kisu huamua kuchonga wa kwake. Wapo wanaotafuta mpingo kwa sababu ya uzito na weusi wake, wapo wanaotumia pembe. Mkia wa kisu hutiwa motoni hadi uwe mwekundu, kisha hukitwa ndani ya mti, na moshi ukiisha chuma na mti vimeshikana. Ili kuchonga mpini mtu huhitaji tezo. Na tezo, nadhani, ndiyo kifaa kinachobadilisha maisha ya mtu kuliko vyote. Mwenye kisu anakata tu. Mwenye tezo anaumba. Atachonga mipini ya majembe, vigoda, vinu, michi, mabakuli. Mwishowe, kama ni mtu wa Iramba kwelikweli, atachonga mzinga.

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana asali ndiyo iliyoitangaza Singida hata kwa watu wasiojua mkoa huo uko wapi. Mzinga wa jadi ni gogo lililopasuliwa au kutobolewa ndani, likafungwa mifuniko miwili na kuachiwa tundu la nyuki. Kazi ya kulitoboa gogo inataka shoka la kukatia, tezo yenye mpini mfupi wa kuingia ndani ya gogo, na patasi ya kumalizia. Mzinga ukikamilika, mwenyewe huukata alama yake kwa kisu: mikwaruzo sambamba, msalaba, au duara. Alama hiyo inalinda mzinga porini ambako hakuna mlinzi, na kuivunja ni kosa zito kuliko wizi wa kuku. Sasa mzinga lazima upandishwe mtini. Hutakiwa kamba ndefu ya magome na kulabu ya mti wenye panda. Siku ya kurina hutakiwa kienge cha moshi, chombo cha kutilia masega, na kisu tena, ila safari hii kisu kirefu kisicho na ncha kali, ili kikate sega bila kuwaua nyuki na bila kulitoboa gogo. Huenda mtu akaanza na kisu cha kuchungia mbuzi, akafika uzeeni ana mizinga mingi msituni na chumba kizima cha vifaa, asiweze kukuonyesha ni siku gani aliamua kuwa mfugaji wa nyuki.

Chuma chenyewe kina historia ndefu katika nchi hii. Wanyiramba na ndugu zao Wanyisanzu walikuwa na mawasiliano ya siku nyingi na Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, ambao hadi leo wana makazi katika wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Wahadzabe hawafui chuma. Walipata vichwa vya mishale na visu kwa majirani, wakalipa kwa asali na nyama. Upande wa Eyasi wahunzi wa Kidatoga bado wanageuza misumari na chuma chakavu kuwa mishale na visu, na mwindaji Mhadzabe huichukua mishale hiyo na kuinyoosha mwenyewe hadi ipate umbo alipendalo.

Wahunzi wa barabara kuu wana malighafi nyingine. Malori hukata springi, na springi ya lori ni chuma kinachoshika makali vizuri kuliko nondo ya ujenzi, ambayo ni laini na hujikunja. Mhunzi hukata kipande, hukitia mkaani, hupuliza mivukuto, hukifua juu ya fuawe, kisha anakitia maji. Hapo pana siri ya kazi yote. Chuma kikizimwa kikali mno kitavunjika kama kioo, kisipokolea kitapinda. Panga la kiwanda, hata lile lililotoka Ubungo kwenye kiwanda cha zana za kilimo cha UFI kilichojengwa kwa msaada wa Uchina, hutengenezwa liwe laini kiasi ili lisimeguke kwenye jiwe. Kisu cha springi ni kigumu zaidi na kinadai tupa nzuri. Na tupa ikifa, meno yakiisha, haitupwi. Mhunzi huirudisha motoni na kuifua iwe kisu, na kisu hicho kitahitaji tupa nyingine.

Kuna jambo lingine lililowaweka wahunzi kazini, nalo ni dhahabu. Mgodi wa Sekenke ulifunguliwa zama za Wajerumani, na vita vya kwanza vya dunia vilipowazuia kuletewa sarafu kutoka kwao, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora. Huko mwaka 1916 zilipigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Zilikuwa elfu kumi na sita na ushei tu, na leo wakusanyaji wa sarafu duniani huzigombania minadani. Wachimbaji wadogo wa Sekenke na Shelui hawana sarafu hizo, wana nyundo na moko, yaani patasi ya kupasulia mwamba. Moko ikipoteza ncha kwenye mwamba hurudi kwa mhunzi, yuleyule anayefua visu.

Nikisema haya yote nisije nikadhulumu upande wa wanawake. Mama wa Ulemo ana kisu kidogo cha kuvunia, chenye ukubwa wa kiganja, ambacho hukata suke la mtama au uwele moja moja. Suke huingia kwenye kikapu, kikapu huenda uwanjani, uwanjani kuna mchi wa kupigia, kisha ungo, kisha kihenge. Kisu hichohicho hukata majani ya mlenda, ambayo huanikwa, hutwangwa na kuwekwa kibuyuni kwa ajili ya kiangazi. Mnyiramba bila mlenda ni mtu mwenye njaa hata kama ugali upo. Na mama mwenye vibuyu vizuri, vilivyotiwa mapambo kwa ncha ya moto, ana mkusanyiko ambao jumba lolote la makumbusho lingejivunia.

Ukitoka nje ya Tanzania utakuta mwendo huohuo. Jambia la Oman, wanaloliita hanjari, ambalo ufundi na desturi zake ziliingizwa mwaka 2022 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, halivaliwi peke yake. Linataka ala iliyopindwa na kupambwa kwa fedha, pete za fedha, mkanda uliofumwa, na mara nyingi kisu kidogo kimechomekwa nyuma ya ala. Ulaya na Marekani wapo wanaoanza na kisu cha kukunja cha mfukoni, na haupiti muda wanatafuta tochi, saa, mikoba na mawe ya kunolea kutoka Japani. Siwacheki. Mapenzi yao ni ya kweli, na aliyejua kunoa vizuri ni ndugu yangu popote alipo. Ila kule duka humtangulia mtu, na hapa kazi ndiyo inayotangulia. Kifaa kisichoitwa na kazi huku kinaonekana ni mzigo.

Wasiwasi wangu uko kwenye urithi. Mwenye vifaa akifariki, kisu humwendea mpwa au mtoto bila ubishi. Tezo, fuawe na mivukuto humwendea aliyejifunza kuvitumia. Kama hakuna aliyejifunza, siku hizi hupita mnunuzi wa chuma chakavu na mzani wake, naye hulipa kwa kilo. Tezo iliyochonga mizinga ya miaka mingi hupimwa pamoja na bati na fremu za baiskeli. Ningependa sana kuona shule na halmashauri zikivichukua vifaa hivyo na kuvihifadhi pamoja na majina ya waliovitumia, kabla mzani haujafika.

Vijana wenyewe hawajakosa hamu. Dereva wa bodaboda pale Misigiri ana spana, plaizi, bisibisi na pampu chini ya kiti, na wapo wanaokata springi kwa mashine ya umeme na kutengeneza visu vya kuuza mnadani. Visu vyao vinang'aa, lakini mashine hupasha moto makali hadi chuma kinageuka samawati, na hapo ugumu umeshaondoka. Mnunuzi hugundua wiki ya pili. Baadhi ya vijana hao wameanza kwenda kwa wahunzi wazee kuuliza, na wanaambiwa wazime mashine, wawashe mkaa, watazame rangi. Kijana akishaielewa rangi hiyo huchoma mkaa wake mwenyewe, na baada ya mkaa hutafuta mvukuto, na baada ya mvukuto huanza kuulizia kwa madereva ni lori gani limekata springi Sekenke.