Saa Mbili Ipi? Maelezo ya Zana za Kompyuta na Usalama wa Mgonjwa

Avukaye Mto Ruvuma kutoka Kilambo, mkoani Mtwara, kuingia Msumbiji hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Hubadili pia namna ya kuhesabu. Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, ilhali Kireno, lugha rasmi ya Msumbiji, huhesabu kuanzia usiku wa manane. Wakazi wa pande zote mbili wameyazoea hayo. Penye shaka huulizana. Kompyuta haina mazoea hayo, isipokuwa ielezwe.

Jambo hili linaihusu tiba kwa sababu ya aina mpya ya programu, yaani wakala wa akili unde. Wakala hajibu maswali tu. Hutumwa kazi, naye huchagua zana za kuitimiza: zana ya kusoma jalada la mgonjwa, ya kupanga miadi, au ya kumkumbusha mzazi dozi ya mwanawe. Kila zana huandamana na maelezo ya jina lake, kazi yake na taarifa inazohitaji. Utaratibu huo umo, kwa mfano, katika Model Context Protocol, itifaki iliyotolewa na kampuni ya Anthropic mnamo Novemba 2024. Aghalabu wakala haoni yaliyomo ndani ya zana. Huongozwa na maelezo, kama mhudumu mgeni aliyepangiwa zahanati asiyoijua na kuachiwa karatasi moja mezani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa Msimbati ameanza kumpa mwanawe dawa mseto ya malaria. Dozi ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza. Zinazofuata hutolewa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kuanzia siku ya pili, hadi zitimie dozi sita kwa siku tatu. Mama anaandika kwa simu: “Nimempa saa mbili.” Zana ya kumbusho imeelezwa kwa maneno manne tu: “Huweka kumbusho la dawa.” Wakala anaandika 02:00, anaongeza saa nane, anapata 10:00. Ujumbe unamfikia mama saa nne asubuhi, saa mbili tu baada ya dozi ya kwanza, ukimtaka ampe mtoto dozi ya pili.

Katika mfano huu mama alisema kweli, hesabu ya kujumlisha ilikuwa sahihi, na zana ilitii. Kosa limo katika sentensi ambayo haikuandikwa. Maelezo yanayofaa yangesema hivi: “Huweka kumbusho la dawa kwa mgonjwa mmoja. Muda uandikwe kwa mfumo wa saa 24 pamoja na ukanda wa saa, mfano 2026-03-04T08:00+03:00. Kwa Kiswahili, ‘saa mbili’ ni 08:00 au 20:00, si 02:00. Ikiwa hakutaja asubuhi au usiku, muulize, usikisie. Zana hii haipangi kiasi cha dawa.”

Sentensi ya mwisho ni muhimu kama zile za mwanzo. Zana isiyotaja mipaka yake hualika kutumiwa mahali isipostahili. Vivyo hivyo, maelezo yabainishe kama zana husoma tu au hubadilisha kumbukumbu, na kama uzito wa mtoto huandikwa kwa kilo au kwa gramu.

Takwimu nazo zina mitego yake. Taarifa za MTUHA kutoka vituo vya afya huingizwa katika DHIS2, mfumo ulioasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa kawaida mfumo huo hauhifadhi sifuri, isipokuwa kipengele husika kimepangwa kuihifadhi. Kwa hiyo, wakala akikuta nafasi tupu mbele ya jina la zahanati hawezi kujua kwa kuitazama tu kama mwezi ule hapakuwa na mgonjwa wa malaria, au ripoti haikuletwa. Maelezo yasipomwelekeza akague kwanza kama ripoti iliwasilishwa, atatangaza utulivu mahali palipo na ukimya.

Ni nani basi aandike maelezo haya? Mtunga programu anajua zana inavyofanya kazi, lakini muuguzi ndiye ajuaye mgonjwa anavyosema. Inafaa wakae pamoja, kisha maandishi yao apewe mtu wa tatu ambaye hajawahi kuiona zana hiyo. Kila swali atakalouliza ni sentensi iliyosahauliwa. Iandikwe, kisha ajaribiwe wakala kwa maneno ya wagonjwa wenyewe. Hata baada ya hapo, uamuzi wa tiba ubaki kwa mtaalamu.

Muuguzi mzoefu, akiambiwa “saa mbili”, huuliza: asubuhi au usiku? Swali hilo halijaandikwa katika programu nyingi. Ni wajibu wetu kuliandika kabla zana hizo hazijakabidhiwa kazi.