Gazi yauza mikoko bila kuikata

Kwa miaka mingi mikoko ya pwani ya Kenya ilitoa bidhaa mbili kubwa: boriti na kuni. Boriti zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Kuni ndizo zilizoimaliza Gazi, kusini ya Mombasa. Miaka ya 1970 msitu ulifyekwa kulisha viwanda, na sehemu nyingine hazikuota tena zenyewe.

Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, walianza kupanda upya mwaka 1991. Tangu 2013 wanakijiji, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Mnunuzi hapakii mzigo wowote. Analipa ili mti ubaki. Mapato yamekwenda kwenye maji na shule.

Tatizo ni nishati, kwani watu bado wanapika kwa kuni. Kwa hiyo mradi ukapanda mivinje nchi kavu. Isipotosheleza, panga litarudi kwenye mikoko, na hapo hakuna cha kuuza. Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, nao wameanza mpango kama huo, kwa zaidi ya hekta 400.